"Mbona Kwangu Inafanya Kazi?" Somo la Vitegemezi kwa Wanaofanya Projekti za Grupu

Kila muhula ikifika wiki ya kuwasilisha projekti, kuna sentensi moja utaisikia maabara ya kompyuta, kwenye korido, hata kafteria: "Jamani, mbona kwangu inafanya kazi?" Anayeisema hadanganyi. Kwake kweli inafanya kazi. Shida ni kwamba mhadhiri hasahihishi laptopu yake, anasahihisha kazi ya grupu, na kwenye kompyuta ya mhadhiri programu haifunguki kabisa. Inatema tu mistari ya makosa mpaka skrini inajaa.

Makala hii inaeleza kwa nini hali hiyo hutokea na namna ya kuizuia. Mimi nasoma ualimu, Hisabati na Kompyuta. Siandiki kama injinia wa programu. Naandika kama mtu ambaye muda si mrefu atasimama mbele ya darasa lenye wanafunzi wengi na kompyuta chache, na ninaona jambo hili halifundishwi kwa mpangilio. Tunafundishwa kuandika kodi (siyo ile ya TRA), tunafundishwa kanuni za kupanga na kutafuta data, lakini namna ya kuhakikisha kodi ile inafanya kazi nje ya mashine ilikozaliwa, hapo kila mtu anajiokotea mwenyewe. Wenye kaka au rafiki aliyetangulia wanaokota mapema. Wengine wanaokota usiku wa kuamkia prezentesheni.

Maktaba na vitegemezi

Tuanze na maneno, maana nusu ya shida iko kwenye maneno. Hakuna mtu anayeandika programu kuanzia sifuri. Ukitaka kuchora grafu ya maksi za darasa, huandiki mwenyewe hesabu za kuchora mstari na mhimili. Unachukua kodi ambayo wengine walishaiandika, wakaifungasha, wakaiweka wazi ili itumike. Kodi iliyofungashwa hivyo huitwa maktaba. Kwa lugha ya Python kuna maktaba ya pandas kwa ajili ya majedwali na Matplotlib kwa ajili ya grafu. Kwa Java kuna Log4j, inayoandika kumbukumbu za yale programu inayofanya. Kwa JavaScript kuna React ya kutengenezea kurasa. Orodha haina mwisho.

Projekti yako ikitumia maktaba fulani, maktaba hiyo inakuwa kitegemezi cha projekti. Bila hiyo, projekti haisimami. Lakini maktaba nazo zina vitegemezi vyake. Pandas inategemea NumPy, ambayo ndiyo inafanya hesabu za safu za namba. Wewe hukuitaja NumPy popote, lakini ukisakinisha pandas, NumPy inaingia nayo. Ni kama kumwalika mjomba harusini: kwenye kadi umeandika jina moja, mlangoni wanaingia saba. Hao wengine ni vitegemezi visivyo vya moja kwa moja, na kwenye projekti ya kawaida huwa wengi kuliko wale uliowaalika.

Kwa sababu hiyo kuna zana za kusimamia msafara huo wote. Wa Java wana Maven na Gradle, ambazo pia hujenga programu yenyewe, yaani huichukua kodi yako, huitafutia vitegemezi, huikusanya na kuifungasha iwe tayari kuendeshwa. Wa JavaScript wana npm. Wa Python wana pip, ambayo kazi yake hasa ni kusakinisha. Kila zana ina ghala lake kubwa mtandaoni inakochukua mizigo: Maven Central kwa Java, npm kwa JavaScript, PyPI kwa Python. Ukiandika amri moja, zana inakwenda ghalani, inashusha ulichotaka pamoja na msafara wake.

Namba tatu zinazoamua kila kitu

Maktaba hazikai vilevile. Waandishi wake wanarekebisha, wanaongeza, wanaondoa. Kila wakitoa mpya wanaipa namba ya toleo, na kwa kawaida namba hiyo ina sehemu tatu, mfano 1.5.3. Utaratibu unaofuatwa na wengi ni huu. Sehemu ya mwisho ikibadilika, kilichofanyika ni kurekebisha kasoro. Ya kati ikibadilika, kimeongezwa kitu kipya lakini vya zamani bado vinafanya kazi. Ya kwanza ikibadilika, jihadhari: kuna kitu cha zamani kimevunjwa kwa makusudi. Utaratibu huu ni ahadi ya mwandishi kwa watumiaji wake. Siyo sheria, na wapo wanaoiteleza ahadi hiyo bila kutaka.

Kwa sisi wa ualimu hili halihitaji mfano wa mbali. Mwalimu anasema, "Fungueni ukurasa wa 45, zoezi la tatu." Nusu ya darasa wana toleo jipya la kitabu, nusu wana la zamani. Jina la kitabu ni lilelile, jalada linafanana, lakini ukurasa wa 45 wa huyu unahusu sehemu na wa yule unahusu asilimia. Hakuna mwanafunzi aliyekosea. Kilichokosekana ni mtu wa kusema tunatumia toleo gani.

Sasa chukua mfano halisi. Kwenye pandas kulikuwa na njia ya kuongeza safu kwenye jedwali kwa kuandika jina la jedwali, nukta, kisha neno append. Mafunzo mengi ya mtandaoni yaliandikwa hivyo. Aprili 2023 lilitoka toleo la 2.0 na njia hiyo ikaondolewa. Badala yake unatakiwa kutumia concat. Kwa hiyo kodi ileile, herufi kwa herufi, inafanya kazi kwenye pandas 1.5.3 na inakataa kwenye pandas 2.0, ikikuambia kwamba jedwali halina kitu kinachoitwa append.

Hilo lilikuta grupu moja la darasa letu. Walikuwa watano, na programu yao ilikuwa nzuri kwa mwalimu yeyote: inasoma alama kutoka faili la Excel, inakokotoa wastani, inapanga nafasi, inachora grafu ya kila somo. Mmoja wao alikuwa na pandas ya zamani kwenye laptopu yake tangu mwaka wa kwanza. Watatu walisakinisha wiki hiyohiyo, wakapata mpya. Wa tano hakuwa na laptopu, alitegemea maabara. Kwa siku mbili walihamisha kodi kwa fleshi huku na huku wakitafuta kosa ndani ya kodi, wakati kodi haikuwa na kosa.

Mwisho wake waliamua kutumia laptopu ile moja inayofanya kazi. Hapo ndipo nilipoanza kuliona jambo hili kwa jicho lingine. Kuanzia siku ile projekti ya watu watano ikawa ya mtu mmoja. Mwenye laptopu hakuweza kwenda kwao wikiendi ile, maana akiondoka ameondoka na projekti. Wengine wakitaka kujaribu wazo wanapanga foleni kwake. Yule asiye na laptopu akawa mtu wa kusoma slaidi tu siku ya prezentesheni, na maswali ya mhadhiri yakamkuta hajawahi kuiendesha programu hata mara moja. Maksi ziligawanywa kufuatana na majibu ya kila mtu. Unaweza kukisia nani alipata chache.

Kwa hiyo ninaposema tusimamie vitegemezi, sizungumzii usafi wa kiufundi tu. Projekti ambayo mtu yeyote anaweza kuisimamisha upya kwenye kompyuta yoyote kwa dakika kumi, hiyo kweli ni ya grupu.

Ghala moja kwa projekti zote halitoshi

Ukiwa mgeni wa Python unafanya kama wote: unafungua terminali, unaandika pip install pandas, inaingia kwenye Python ya kompyuta nzima. Projekti moja haina neno. Muhula unaofuata una projekti ya pili inayotaka pandas mpya. Unasasisha. Sasa ya pili inakwenda, ya kwanza imekufa. Ukirudisha ya zamani, ya pili inakufa. Python ndani ya ghala moja inaweza kubeba toleo moja tu la kila maktaba. Wapangaji wawili, ufunguo mmoja.

Zana nyingine zilitatua jambo hili kwa njia tofauti, na ni vizuri kuzijua hata kama huzitumii.

Maven inaweka kila kilichoshushwa kwenye folda moja ya mtumiaji iitwayo .m2, lakini humo matoleo yanakaa kando kwa kando bila kugombana. Kila projekti ina faili lake, pom.xml, linalotaja inataka nini na toleo gani. Maven inasoma faili hilo na kuchukua toleo lililotajwa kwa ajili ya projekti hiyo peke yake.

npm inaweka maktaba ndani ya folda ya projekti yenyewe, iitwayo node_modules. Kila projekti inabeba mizigo yake. Ina faida ya kujitegemea na hasara ya kula nafasi. Ukiwa na projekti sita za JavaScript utashangaa diski imeenda wapi.

Python inatumia kitu kinachoitwa mazingira pepe. Kuanzia toleo la 3.3 la mwaka 2012, Python inakuja na zana yake ya kuyatengeneza, venv. Mazingira pepe ni folda yenye ghala dogo la maktaba la projekti moja. Unachosakinisha humo hakitoki nje, na cha nje hakiingii. Hatua zake ni hizi. Fungua terminali ndani ya folda ya projekti, kisha andika:

python -m venv mazingira

Hapo folda iitwayo mazingira imezaliwa. Sasa ingia ndani. Kwa Windows:

mazingira\Scripts\activate

Kwa Linux au Mac:

source mazingira/bin/activate

Utaona jina la mazingira limetokea mwanzoni mwa mstari wa terminali. Ukiliona, uko ndani. Kila pip install utakayoandika sasa ni ya projekti hii tu. Ukimaliza andika deactivate, umetoka. Kwa dakika mbili umezuia ugomvi wa muhula mzima.

Orodha ya ulichoomba na orodha ya ulichopata

Mazingira pepe yanatenganisha projekti, lakini hayamwambii mwenzako aweke nini. Kwa hilo unahitaji orodha iliyoandikwa, inayotembea pamoja na kodi. Kwa Python desturi ni faili la maandishi liitwalo requirements.txt. Linaweza kuwa fupi hivi:

pandas==1.5.3
openpyxl==3.1.2
matplotlib==3.7.1

Alama mbili za usawa maana yake ni toleo hilohilo, si jingine. Mwenzako akipata folda ya projekti anatengeneza mazingira yake, anaingia, kisha anaandika:

pip install -r requirements.txt

Anapata kilekile ulicho nacho. Sisi tunajua desturi hii: kwenye andalio la somo kuna sehemu ya zana za kufundishia. Mwalimu akiugua, mwenzake anaangalia pale na kujua abebe nini darasani. Andalio lisilo na sehemu hiyo linamfaa aliyeliandika tu.

Hapa kuna tofauti moja ambayo wengi wanairuka. Orodha ziko mbili. Ya kwanza ni ya ulichoomba: maktaba tatu ulizozitaja. Ya pili ni ya ulichopata: hizo tatu pamoja na msafara wote, kila mmoja na namba yake. Ukifunga namba za ulizoomba tu, mjomba umemshika, lakini hao sita waliokuja naye wanaweza kubadilika mwezi ujao bila taarifa. NumPy ilitoa toleo la 2.0 Juni 2024, na maktaba nyingi zilizokuwa zimejengwa juu ya NumPy ya zamani ziligoma kufanya kazi nayo. Mtu aliyefunga pandas ya zamani bila kufunga NumPy alijikuta ana mchanganyiko usioelewana, wakati hajagusa kitu.

Kwa Python, orodha ya pili unaipata kwa amri hii, ukiwa ndani ya mazingira pepe:

pip freeze > requirements.txt

Ukiiandika ukiwa nje ya mazingira pepe itakuletea kila kitu kilichopo kwenye kompyuta nzima, pamoja na vya projekti nyingine, na mwenzako atalipia bando vitu asivyovihitaji.

npm inatenganisha orodha hizi waziwazi. Ulichoomba kiko kwenye package.json, ulichopata kiko kwenye package-lock.json. Kwenye ya kwanza mara nyingi utaona alama ya kofia mbele ya namba, mfano ^4.17.0. Hiyo inamaanisha "nikubalie chochote kuanzia hapa, mradi hakijafika 5." Ndiyo maana watu wawili wanaweza kusakinisha kutoka package.json ileile kwa siku tofauti wakapata vitu tofauti. Dawa ni kutuma mafaili yote mawili, na anayepokea atumie npm ci badala ya npm install. Amri ya npm ci inafuata faili la pili kama lilivyo, na ikikuta mafaili mawili hayakubaliani inasimama na kukuambia.

Na je, ikitokea vitegemezi viwili vinataka matoleo tofauti ya kitu kimoja? Hapa kila zana ina tabia yake. Maven inachagua toleo lililotajwa karibu zaidi na projekti yako kwenye mti wa vitegemezi, hata kama ni la zamani. Gradle kwa kawaida inachagua jipya zaidi. npm inaweza kuweka yote mawili, kila moja chini ya aliyelitaka. pip, kuanzia toleo la 20.3 la mwaka 2020, ikiona hakuna toleo linalowaridhisha wote inakataa kuendelea. Kukataa huko kunaudhi, lakini ni afadhali zana igombane na wewe leo kuliko programu igombane na wewe mbele ya mhadhiri.

Usisahau pia toleo la lugha yenyewe. Pandas 1.5.3 ilitoka kabla ya Python 3.12. Ukiisakinisha kwenye Python 3.12, pip haikuti mzigo uliokwisha kuandaliwa, inajaribu kuijenga kutoka mwanzo, na mara nyingi inakwama. Andika kwenye faili la maelezo, mstari mmoja tu: "Projekti hii imejaribiwa kwa Python 3.11." Mstari huo unaokoa saa nyingi.

Haya mambo si ya darasani tu

Kuna anayesema, haya ni ya wanafunzi, makampuni makubwa hawana shida hizi. Wanazo, tena kubwa zaidi.

Machi 2016 mwandishi mmoja wa maktaba za JavaScript, Azer Koçulu, aliziondoa maktaba zake zote kwenye ghala la npm baada ya mgogoro wa jina la mojawapo. Kati ya hizo kulikuwa na moja iitwayo left-pad, yenye mistari 11 tu, ambayo kazi yake ni kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Projekti nyingi duniani zilishindwa kujengwa siku ile. Wengi wa walioathirika hawakuwahi kuisikia left-pad. Ilikuwa mgeni wa mgeni wa mgeni. npm ililazimika kuirudisha ghalani.

Desemba 2021 likaja kubwa zaidi. Ndani ya Log4j, ile maktaba ya kumbukumbu, iligundulika kasoro iliyompa mtu wa mbali uwezo wa kuendesha kodi yake kwenye kompyuta ya wengine. Ilipewa alama 10 kati ya 10 za hatari. Toleo la 2.15.0 lilitolewa kuitibu, likafuatiwa na mengine kukamilisha tiba. Lakini swali lililowatesa wasimamizi wa mifumo halikuwa "tunatibu vipi?" Lilikuwa "je, sisi tunayo?" Log4j ilikuwa imejificha ndani ya msafara wa vitegemezi vya programu nyingi za Java. Waliokuwa na orodha zao waliandika amri moja ya Maven:

mvn dependency:tree

wakaona mti mzima, wakajua. Wasio na orodha walianza kufukua folda moja moja.

Tukumbuke mifumo hii iko kwetu pia. DHIS2, inayotumika kukusanya takwimu za afya hapa Tanzania na nchi nyingine nyingi, imeandikwa kwa Java juu ya maktaba nyingi za wengine. Mtu anayetunza mfumo wa aina hiyo akiulizwa "mna nini ndani?" hawezi kujibu "ngoja nimuulize aliyeusakinisha." Tabia ya kujua unabeba nini inaanzia kwenye projekti ndogo ya mwaka wa pili.

Habari ya bando na fleshi

Najua kinachofuata: "Sawa, lakini kila mtu kushusha upya, bando linatoka wapi?" Swali la haki kabisa. Maktaba kama pandas na wenzake ni makumi ya megabaiti, na bumu likichelewa hata megabaiti mia ni suala la kujadiliwa.

Jibu la kwanza watu wanalolifikiria ni kunakili folda ya mazingira pepe kwenye fleshi. Haifai. Ndani ya folda ile kumeandikwa njia kamili za kompyuta ilikotengenezwa, na ukiihamisha inapotea. Kinachofaa ni kuhamisha mizigo yenyewe ikiwa bado imefungwa. Mtu mmoja mwenye intaneti anaandika:

pip download -r requirements.txt -d mizigo

Folda iitwayo mizigo inajaa mafaili ya maktaba zote na msafara wao. Inaingia kwenye fleshi. Kila anayepokea anatengeneza mazingira yake, kisha anaandika:

pip install --no-index --find-links mizigo -r requirements.txt

Hapo pip haigusi mtandao kabisa. Sharti ni moja: kompyuta zinazopokea ziwe na mfumo endeshi wa aina moja na toleo lilelile la Python kama iliyoshusha, maana mizigo ya Windows haiingii Linux. Kwa Maven kuna mvn dependency:go-offline ya kushusha mapema, halafu unajenga kwa mvn -o ukiwa nje ya mtandao. Gradle ina --offline.

Sisi wa ualimu hili tulishike kwa mikono miwili. Shule nyingi tutakazopangiwa, iwe kwa mazoezi ya kufundisha au kazini, zina maabara ya kompyuta lakini intaneti ni simu ya mwalimu. Mwalimu mwenye fleshi yenye Python, folda ya mizigo na orodha anaweza kuandaa kompyuta kumi Jumamosi moja asubuhi. Asiye nayo atafundisha programu kwa ubao na chaki.

Kuna na hoja ya upande wa pili, nayo ni ya kweli. Ukifunga namba za matoleo na kusahau, utabaki na ya zamani hadi yenye kasoro kama ile ya Log4j. Kufunga si kuzeeka nayo. Maana yake ni kwamba mabadiliko yatakuja siku uliyochagua wewe: unasasisha kitegemezi kimoja, unaendesha programu, ukiona salama unaandika namba mpya kwenye orodha. Usifanye hivyo wiki ya prezentesheni. Fanya likizo, au wiki ya kwanza ya muhula.

Tunachoweza kufanya hapa chuoni

Nina mapendekezo matatu na yote hayana gharama.

La kwanza ni kwetu wanafunzi. Siku grupu linapoundwa, kabla ya kugawana kazi, tengenezeni mazingira pepe na orodha. Folda ya kutumiana iwe na kodi, orodha na maelezo mafupi. Folda za mazingira na node_modules zisiingie humo, kila mtu ajitengenezee.

La pili ni kwa wahadhiri wetu, kwa heshima zote. Fomu ya kusahihishia projekti ikiongezwa kipengele kimoja, kwamba projekti iweze kusimamishwa upya kwa kufuata maelezo yake, hata kwa maksi tano tu, tabia itabadilika ndani ya muhula mmoja. Sote tunajua kisicho na maksi hakifanywi.

La tatu ni kwa serikali ya wanafunzi na klabu za kompyuta. Wekeni kwenye maabara folda moja ya mizigo ya maktaba zinazotumika sana kwenye kozi zetu, isasishwe kila mwanzo wa muhula. Mwanafunzi aje na fleshi, achukue, aondoke. Asiye na laptopu aikute palepale.

Na kwa aliye na projekti ya kuwasilisha wiki ijayo, fanya jaribio hili leo jioni. Mpe folda yako mtu asiye wa grupu lenu, afadhali wa kozi nyingine kabisa. Mwachie na faili la maelezo, wewe kaa kimya, usiguse kibodi. Akifika mwisho na programu ikafunguka, mko tayari. Akikwama, andika alipokwamia na mrekebishe hapo.